Senge Aliyeomba Kuitwa

Mimi sinywi pombe, siku hiyo sikuwa na homa, na ilikuwa saa tisa mchana. Nayasema haya mapema kwa sababu najua watu hunitazama vipi nikianza kusimulia. Ukitaka usiniamini, lakini yule mwanamke niliongea naye nikiwa karibu naye vile niko karibu nawe sasa.

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, yaani senge, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita shangazi. Alikuwa mkunga, na ndiye mwanamke wa kwanza kwetu kuendesha pikipiki. Kabla sijazaliwa, aliamua kutoka Kipkelion hadi Bomet na kurudi, peke yake, enzi ambazo barabara ilikuwa tope tupu. Wanaume walimcheka sana. Alifika Bomet, akapigwa picha sokoni akiwa na koti la kaki lililofungwa kwa pini kubwa ya nepi, maana kifungo kilikuwa kimekatika. Kurudi ndiko hakurudi. Walimkuta kwenye kona moja kabla ya kufika Kericho, pikipiki imesimama kwenye stendi yake, yeye amelala kando ya majani chai, hana hata mkwaruzo.

Baba hakutaka atajwe nyumbani. Na hapo lazima nikueleze desturi yetu. Mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililoleta chafya, huyo ndiye amerudi. Lakini aliyekufa vibaya njiani hatumwiti, tukiogopa mtoto ataifuata njia ile ile. Kwa hivyo watoto wote walizaliwa pale kwetu na senge hakuitwa hata mara moja.

Basi miaka ya tisini nilikuwa daktari wa ng'ombe, nikizunguka na pikipiki kupandisha ng'ombe wa watu kwa sindano. Kichwa changu kilikuwa kigumu, nakubali. Nilitaka kummalizia senge safari yake. Wiki hiyo wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa anangoja kujifungua. Alikuwa ameshazika watoto wawili wachanga, na mama aliniomba nisiende mbali. Nikasema nitaenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Bomet nilifika vizuri. Nikirudi, nimeipita Litein, mvua ya mawe ikaniangukia, ile ya Kericho unayoijua, na pikipiki ikazima kwenye kona ile ile. Nikaisukuma mpaka kwenye banda la kupimia majani chai. Ndani alikuwa ameketi mama mmoja. Nje kila kitu kilikuwa kinatiririka maji, yeye alikuwa mkavu kabisa.

"Chamgei," akanisalimu. "Wewe ni msichana wa kaka yangu."

Nikaangalia koti. Nikaiona pini.

Unadhani nilikimbia? Kwa miguu gani? Nilipiga kiki mara ishirini, pikipiki ikakohoa tu. Nililia, sioni aibu kukuambia. Yeye alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo ilinimaliza.

"Huko nyumbani, mmeniita?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata mara moja?"

"Hapana, senge."

"Nimechoka na hii barabara, mama. Niiteni."

Sasa sikia kosa langu. Kwetu mtu mzima akikuomba kitu, humwachi hivi hivi bila jibu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mdomo ulijibu kabla ya akili. Nikasema, "Sawa, senge. Tutakuita." Pikipiki ikawaka yenyewe, mkono wangu haujaigusa. Sikutazama nyuma mpaka Kipkelion.

Nilikuta wifi ameshajifungua msichana. Akina mama walikuwa wameanza kuita. Waliita nyanya wote, waliita na wale wa mbali ambao hata mama hakuwa na hakika nao. Wakamnusisha ugoro. Hakupiga chafya. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya bluu, na wifi akasema polepole, "Huyu pia anaenda." 

Jina la senge nilikuwa nalo kwenye ulimi. Ningefanya nini? Niambie wewe. Ninyamaze azikwe wa tatu, au nimwite na nimpe mtoto barabara ile? Nikasema, "Tapsubei."

Mtoto akapiga chafya mpaka akina mama wakaruka. Halafu akalia kwa nguvu, akawa mwekundu, mzima. Wifi alinikumbatia akicheka na kulia. Baba alichukua kofia yake akatoka nje, na mpaka anakufa hakuniuliza nililitoa wapi jina hilo.

Msichana huyo sasa ni mwanamke. Nampenda kuliko watoto wangu, na namwogopa. Akiwa na miaka minne aliniuliza kama lile banda la kwenye kona bado linavuja. Hatukuwa tumewahi kumpeleka huko. Juzi amenunua pikipiki, nyekundu. Jumamosi anaenda Bomet. Nimemsihi, nimempigia magoti, nimemfichia funguo. Alizipata. Akanishika bega akaniambia, "Usijali, senge. Safari hii nitarudi."

Kwa hivyo ukipita ile kona na mvua ikushike, lowa. Usiingie bandani. Na ukiingia, ukamkuta mwingine anayengoja, akakuuliza kama ameitwa, heri uonekane huna adabu. Usijibu.

Na kama ni Jumamosi, ukiona msichana wa pikipiki nyekundu anatoka Bomet, mwambie shangazi yake amesimama getini tangu asubuhi.