Chandarua cha Karatasi

Kichina nilijifunzia jikoni. Wachina waliokuwa wakijenga daraja upande wetu wa Ruaruke walikuwa na kambi, na mimi, niliyeishia darasa la saba na kukaa nyumbani miaka miwili, nilipata kazi ya kuosha mboga pale. Mpishi wao alikuwa mtu wa makamo, mkimya kama mimi. Mchana wenzake wakilala, alichukua kipande cha mkaa akanichorea maneno kwenye sakafu ya saruji, nami nikaiga.

Shuleni nilichapwa kwa sababu ya mkono wangu mzito. Wenzangu wakimaliza kunakili ubao, mimi niko mstari wa tatu, na mwalimu anafuta. Kichina hakitaki haraka. Kila mstari una zamu yake, na ukiuruka mmoja, mpishi alifuta neno zima kwa ndala yake akakuanzisha upya. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuusifu mkono wangu.

Daraja lilipokwisha wakaondoka. Mpishi aliniachia daftari lake, akalitoa kwa mikono miwili, kama wanavyotoa wao kitu cha heshima, na kama sisi pia tulivyofundishwa.

Mwenye chekechea ya kijijini, mama mmoja wa Iringa aliyekuja huku na mumewe wa zahanati, akanifuata nyumbani. "Nifundishie watoto wangu," alisema. "Hata salamu tu. Hawa Wachina watarudi."

Mama yangu akacheka. "Huyu? Huyu hata dukani huonyesha kwa kidole anachotaka."

Nilikwenda. Siku ya kwanza niliwapa watoto mgongo, nikachora mstari mmoja ubaoni, nikasema, "Yi," yaani moja. Nyuma yangu mkeka mzima ukaitikia, "Yi!" Sikuwahi kusikia neno langu likirudi hivyo. Kwa Kiswahili niliona haya. Kwa Kichina hakuna aliyejua nikikosea. Nikageuka, nikawatazama. Saa ile moja ya Jumanne na ya Alhamisi ndiyo niliyoingojea wiki nzima. Sikuwa na kingine cha kungoja.

Tulipofika kumi, baba mmoja alikuja na daftari la mwanawe. "Mwalimu, hii nini?"

"Kumi."

"Kumi gani? Huu msalaba." Akamgeukia mama wa Iringa, maana mama huyo ni Mkristo.

"Baba, mie hicho Kichina sikijui hata moja," mama akasema. "Ningetaka kumbatiza mtu kwa hicho, ningeanzia wapi?"

Watu wakacheka, baba yule hakucheka. Tukakubaliana tuishie tisa.

Katika watoto wale kulikuwa na msichana wa miaka sita aliyeandika polepole kuliko wote. Nilimpenda kwa hilo. Mama yake alikuwa amefariki masika yale. Alikuwa akilala shambani kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, akilinda mpunga usiliwe na nguruwe, na homa ikamkuta huko. Chandarua walikuwa nacho kimoja tu, akamwachia mtoto nyumbani. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na mtoto naye alilijua.

Jumanne moja watoto waliniuliza habari za mpishi. Anakula nini, ana mama? Nikawaambia mama yake alikwisha kufa, na kwamba kwao kuna siku ya kuwakumbuka wafu. Siku hiyo mpishi alikwenda nyuma ya jiko, akachora shati na kiti kwenye karatasi, akazichoma, ili mama yake avipate huko aliko.

Msichana akainua uso. "Mwalimu, vinafika?"

Ilinipasa kusema kwamba hayo ni ya kwao, sisi tuna ya kwetu. Lakini alikuwa akinitazama sana, na ile haya yangu ya zamani ikanirudia. Nikainama kuokota chaki ambayo haikuanguka. Mtoto akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Alhamisi bibi yake alikuja amemshika mkono. Vidole viwili vya mtoto vilikuwa vimeungua, vimepakwa asali.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitika. "Nani kamfundisha mjukuu wangu kuchomea maiti makaratasi? Kachora chandarua, kakitia moto nyuma ya jiko langu. Makuti ya upande mmoja yamekwisha. Ningechelewa kidogo tu, na yeye ningemkosa."

"Bibi, kaa kwanza," mama wa Iringa alisema.

"Sikai. Mwanangu kasomewa, kazikwa, hitima tumemaliza. Leo mtu anataka kumpelekea moshi?"

Yule baba aliyeikataa kumi alikuwa mlangoni. "Nilisema mie," akasema. "Tangu kwenye ile kumi yao."

Bibi akaniangalia mimi. "Mwambie. Hapa, mbele ya wenzie. Ukimwambia, endeleeni na tisa zenu. Usipomwambia, Kichina humu ndani basi."

Mama wa Iringa alitazama chini. Nikaliona darasa langu likiondoka, na mimi nikirudi nyumbani kuonyesha vitu kwa kidole. Mtoto alikuwa akinisubiri. Hakuwa na hofu. Alidhani nitamtetea.

"Hakikufika," nikasema. "Havifiki."

Sauti ilitoka safi, hata waliokuwa uani wakaisikia. Mama wa Iringa akanipiga bega kidogo. "Kumbe unaweza kusema," akaninong'oneza. Bibi akamkalisha mjukuu wake mkekani, akaondoka.

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipopata neno. Ningemwambia: karatasi haifiki, mwanangu, lakini dua yako inafika. Bibi asingelikataa, hata yule baba asingelikataa. Lilikuwa neno la kwetu, nimelisikia tangu utotoni, na lilinijia nikiwa peke yangu kwenye majani. Kila kitu mimi hukipata polepole.

Jumanne iliyofuata nilikuja nalo mdomoni. Sikulisema. Alikaa mahali pake, akaandika moja mpaka tisa harakaharaka, mistari imeruka zamu, akaweka kichwa juu ya magoti. Saa ilipokwisha nilipita kukusanya penseli. Watoto wakanipa mmoja mmoja kwa mikono miwili, kama nilivyowafundisha. Yeye akanipa yake kwa mkono mmoja, wa kushoto, akitazama mlangoni.