Maji ya Chumvi Kwenye Injini

Nilikuwa nimeshafungua injini nyingi, lakini kitu kama kile sikuwa nimekiona. Nilipoinua kichwa cha injini ya ile pikapu na kukigeuza, njia zake za maji zilikuwa zimejaa unga mweupe, umeganda kama chokaa ukutani. Nikasema "Mungu wangu!" kwa sauti, hata mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akauliza nani amekufa.

Ilikuwa Garissa, miaka ya tisini, baada ya ukame uliomaliza mifugo ya watu. Mwenye gari alikuwa mzee aliyechunga ngamia huko Wajir tangu utotoni. Ngamia wake wengi walikufa kwa kiu. Wachache waliosalia aliwauza akanunua ile pikapu, abebe abiria na maziwa. Hakuwa na mnyama mwingine, wala duka, wala shamba. Mimi nilimwita adeer, yaani ami, naye aliniita adeer vilevile, maana kwa Wasomali mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile la heshima. Mimi si Msomali, ni mtu wa Mwingi. Heshima hiyo sikuizoea, lakini niliipenda.

Alilileta gari kwa sababu lilikuwa linachemka kila baada ya mwendo mfupi. Akaketi juu ya debe kivulini, tasbihi mkononi.

"Adeer, leo tabona?" akauliza.

"Atapona," nikamjibu, bila hata kufikiri.

Kile kichwa kilikuwa cha alumini, na alumini si chuma. Chuma ukikisugua kwa brashi ya waya hakilalamiki. Alumini huchubuka, na ikichubuka, gasketi ya kuziba maji haikai sawasawa. Kwa hiyo nilikwenda nayo kwa adabu. Nilikamua ndimu za mashamba ya kando ya Mto Tana ndani ya maji ya moto, nikatia siki, nikamimina kwenye zile njia. Unga ukatoa povu. Nikangoja, nikakwangua kwa kijiti cha mswaki, nikasuuza, nikamimina tena. Maji yalitoka meupe kama tui. Nilikuwa napiga mluzi, nikingoja kuona alumini ikimeta huko chini.

Kijiti kikazama. Karibu na tundu moja, ukuta unaotenganisha maji na moto ulimeguka kama mkate mkavu. Nikajaribu tundu la pili, nalo likameguka. Nikaketi pale pale kwenye oili. Ule unga haukuwa uchafu uliokaa juu ya alumini. Ulikuwa alumini yenyewe, imeliwa ikageuka unga, na mimi nilikuwa nausafisha huku nikipiga mluzi.

"Adeer, kwenye rejeta unaweka maji gani?"

Akatabasamu. "Maji mzuri sana. Ile ya kisima ya chumfi. Kila mwezi nabeleka yeye mbaka Wajir, namwaga maji ya zamani, natia ile."

"Ya chumvi? Kwa nini?"

"Ngamia bila chumfi hana ngufu. Nakonda, maziwa nabungua. Wewe hujui?"

Nilijua. Aliyeishi kule hawezi kukosa kujua. Wachungaji huwaswaga ngamia siku kadhaa kuwafikisha kwenye kisima cha chumvi, hata kama wameyapita maji matamu njiani. Lakini nilipandwa na hasira ambayo hadi leo inanitia haya.

"Hili ni gari! Nani alikuambia gari linanyweshwa chumvi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe, adeer?"

Ndipo nikakumbuka. Siku aliponunua ile pikapu aliileta kwangu niikague. Alikuwa akiizunguka bila kuigusa, kama mtu aliyeletewa mnyama asiyemjua. Nami, kwa huu mdomo wangu usiopumzika, nikapiga boneti kofi nikasema, "Adeer, usiogope. Huyu ndiye ngamia wako sasa. Mtunze vile ulivyowatunza wale, hatakuangusha." Gereji nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, akaomba nirudie. Nami nikarudia.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu shule ya msingi, na nilidhani inawahusu watu wengine.

Nikamweleza yote. Kwamba chumvi huila alumini, kwamba kichwa kile hakitengenezeki, kwamba kingine hakipatikani Garissa, na hata Nairobi sijui kama nitakipata. Akasema "Inna lillahi," akainuka, akaokota kipande kilichomeguka na kukiweka kiganjani. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Adeer," akasema taratibu, "wale ngamia nakufa na kiu, kwa sababu maji iko mbali. Huyu mimi nanywesha kila mwezi. Huyu kwa nini nakufa?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta oili mikononi. Nilikuwa nimeshamwambia ya kutosha.