Dobi Ethel na Mwana Asiyekaa Chini

Jua halijavuka bado majabali ya Masasi. Ukungu umeyashika kiunoni, na ukiyatazama kutoka uani kwa Ethel utadhani vilele vimeachwa vinaelea peke yake. Ethel ameinama anapuliza mkaa ndani ya pasi. Nyuma yake kinasikika kishindo cha miguu midogo, kisha kimya, kisha maji yanamwagika.

“Sesili,” anaita bila kugeuka.

Anajibiwa kwa kicheko.

Ethel, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, ni dobi. Hufua na kupiga pasi kanzu za waimbaji wa kanisa, mashuka ya walimu wa misheni na kaptula za kaki za makarani wa boma. Mumewe, Filemoni, ni kuli bandarini Mtwara na huja nyumbani kwa nadra. Mtoto wao alibatizwa Cecil, lakini mtaa mzima humwita Sesili. Ana miaka miwili na ushei.

“Akiamka, nyumba nzima imeamka,” anasema Ethel. “Ataingia kwenye karai na nguo zake, atoke amevaa ndoo kichwani, amfukuze kuku. Nikimaliza kumkausha, karai analiona jipya tena.”

Kazi inapokolea ndipo uwanja huu hupendeza. Mashuka yakishaanikwa, upepo ukishuka kutoka majabalini, yote hujaa kwa pamoja kama yanavuta pumzi. Sesili hupotelea humo. Mama yake huona miguu miwili tu, imejaa vumbi, ikitembea chini ya weupe ule, ikisimama, ikikimbia, huku sauti ndogo ikiongea na mtu asiyeonekana.

Lakini mwaka jana, wakati wa kiangazi, uwanja huu ulikosa miguu hiyo.

Siku moja Ethel alikuwa akinyoosha kanzu ya kwaya juu ya meza. Sesili alikuwa chini ya meza. Akaona pindo linaning'inia, akalivuta. Pasi ikaanguka, kifuniko kikafunguka, makaa yakasambaa sakafuni.

“Sikumbuki kuruka,” anasema Ethel. “Nakumbuka tu niko nje naye kifuani, na harufu ya nguo inaungua.”

Mtoto aliungua kidogo mguuni. Kanzu ilitoboka. Ethel aliipeleka hivyo hivyo kwa Mwalimu Nathanaeli, kiongozi wa kwaya. Mwalimu hakuitazama kanzu. Aliuliza, “Mtoto anaendeleaje?”

Habari hupanda haraka kwenye malori. Haikupita juma, mama yake Ethel, Bi Theodora, akashuka kutoka Newala na kikapu chake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mguu uko wapi?”

Aliukagua mguu, akauweka chini taratibu. “Nipe nikamlee,” akasema. “Akipata akili nitamrudisha. Huwezi kushika moto na mtoto huyu kwa wakati mmoja.”

Kwao si jambo geni mtoto aliyeachishwa ziwa kwenda kulelewa na bibi. Ethel mwenyewe alilelewa hivyo. Alikubali. Sesili alipandishwa kwenye lori akicheka, akampungia mkono kila mtu barabarani isipokuwa mama yake.

Nguo za Ethel hazijawahi kuwa nyeupe kama miezi ile. Hakuna aliyezikanyaga wala kuzivuta. Lakini Bimdogo, jirani yake, anasimulia mengine.

“Tulidhani atapumzika. Nikipita namkuta amesimama katikati ya mashuka, hafanyi kitu. Namwita, anachelewa kuitika.”

“Nilikuwa nasikia miguu,” anasema Ethel. “Nageuka, naona kuku. Nikaanza kuinamisha kichwa nitazame chini ya mashuka, najua kabisa hayupo, lakini natazama.”

Jumamosi moja alikabidhi kanzu kanisani, akaenda moja kwa moja barabarani na kupanda lori la Newala.

Kule juu, kwa Bi Theodora, bomba halijafika. Wanawake huteremka mpaka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Maji ya kunawia uso humwagiwa mche wa papai. Tone halipotei.

Ethel alimkuta Sesili amekaa kwenye mkeka, miguu ameiunganisha, shati safi. Mtungi ulikuwa karibu naye, mkono ungeufikia. Hakuugeukia.

“Shikamoo,” mtoto akasema. Hakuinuka.

“Umeona?” akasema Bi Theodora. “Ametulia.”

“Nimeona, mama.”

“Mbona unalia sasa?”

“Ulimchukua na kelele zake, mama. Ziko wapi?”

Bi Theodora aliketi. Akawa akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

“Hapa maji ni jasho, unajua,” akasema. “Alimwaga mtungi, nikamshika mkono, nikamkemea. Mara moja tu, Ethel. Hakurudia. Toka siku hiyo hukaa hapo. Nilifurahi mwanzoni. Sasa nikirudi kutoka bondeni namkuta vile vile nilivyomwacha, hata mimi moyo unanienda mbio.”

Kesho yake Bi Theodora aliwasindikiza mwenyewe hadi kwenye lori.

Lilipomaliza mteremko, dereva Sadallah alisimama kando ya kijito ili atie maji kwenye rejeta. Sesili aliteremshwa. Akaenda hadi ukingoni, akasimama, mikono ameificha mgongoni. Akamtazama mama yake.

Ethel alivua viatu, akaingia kijitoni na kanga yake nzuri ya safari, akayapiga maji kwa mguu. Yakampata mtoto usoni.

Sesili alifumba macho. Alipoyafumbua, mama alikuwa bado amesimama mle majini, amelowa mpaka magotini, anamngoja. Akaweka mguu mmoja. Akaweka wa pili. Kisha akakaa humo mzimamzima na shati lake safi, na kelele zikarudi.

“Abiria walinung'unika,” anakumbuka Sadallah. “Nikawaambia injini bado ina moto, tusubiri. Ilikuwa imepoa zamani.”

Siku hizi Ethel hashiki pasi mpaka mtoto alale mchana. Kazi huchelewa, na baadhi ya makarani wamehamishia kaptula zao kwingine. Yeye haoneshi kujutia. Filemoni ameahidi kuja Krismasi na mbao, ajenge chumba cha kupigia pasi chenye komeo juu, na kando yake chumba kingine. Hicho ni cha Bi Theodora, aliyetuma salamu kuwa akimaliza kuokota korosho zake atashuka akae nao.

“Aje tumlee pamoja hapa penye maji,” anasema Ethel.

Anang'ata kibanio cha nguo, anatandaza shuka la mwisho kwenye kamba, anakitoa.

“Watu huniuliza nataka mwanangu awe nani. Padri, mwalimu, karani. Hayo atachagua yeye. Mimi nataka awe mtu ambaye akiingia nyumbani, wote mnajua ameingia.”