Kutafuta Feni Isiyo na Kelele

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na injini ya dizeli niliyoirithi kutoka kwenye lori la marehemu baba. Lori lenyewe lilikufa kwenye njia ya Moyale likaachwa huko huko, lakini injini ilikuwa nzima. Niliileta nyumbani kwetu Chechelesi, mtaa wa Isiolo, nikaijengea kitako cha saruji nyuma ya nyumba na kuiunganisha na jenereta. Kazi yangu ilikuwa kuchaji betri. Madereva waliniletea za malori, wenye maduka waliniletea za redio, na wengine walizituma kutoka Kulamawe juu ya lori la mbuzi na kuzifuata wiki iliyofuata. Niseme wazi kwamba nilikuwa fundi mzuri. Nilijua hivyo, na yeyote aliyekaa nami robo saa alijua pia, kwa kuwa nilimwambia mwenyewe.

Injini ya lori ikisimama mahali pamoja ina shida ambayo barabarani haina. Lori likienda, upepo unapita kwenye rejeta wenyewe na maji yanapoa. Injini iliyosimama inategemea feni peke yake, na Isiolo saa saba mchana hata hiyo hewa inayovutwa ni ya moto. Feni yangu ilikuwa ya chuma, yenye mapanga manne mapana, yaliyonyooka kama ubao, na ilikuwa ikinguruma mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Mlio wa moshi nilikuwa nimeushughulikia tayari: bomba la ekzosi nililiingiza kwenye pipa, nikalizika pipa ardhini na kulifunika kwa mawe, na mlio ukabaki kama wa mtu anayekohoa chini ya blanketi. Kwa hiyo kelele iliyobaki ilikuwa ya feni. Mimi nilikuwa nimeshaizoea.

Mama hakuizoea, au ndivyo alivyosema. Kila asubuhi baada ya chai alikaa kibarazani, mbele ya nyumba, kwenye kitanda cha kamba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona mwanga na vivuli basi. Lakini nyumba yetu ilikuwa kwenye njia ya sokoni na msikitini, na mtaa mzima ulipita hapo. Watu wa kwetu, Wasomali wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza, walimwambia salaam aleikum. Waturkana na Wameru walimwambia habari ya mama. Naye alimjua kila mmoja kwa sauti, akamjibu, kisha akamuuliza juu ya mtoto aliyekuwa na homa au ngamia aliyepotea upande wa Kinna. Kwetu kurudisha salamu ni wajibu, na mama aliufanya wajibu huo kwa bidii kama mtu aliyeajiriwa. Mimi nilikuwa na betri zangu, yeye alikuwa na salamu zake.

Kisha akaanza kukosea. Watu walisalimu, akanyamaza. Siku nyingine alijibu pasipo na mtu. Punda wa mkokoteni wa maji alisimama kujikuna kwenye nguzo ya kibaraza, mama akaona kivuli, akamrudishia salamu kamili na rehema na baraka zake, halafu akamuuliza kama watoto hawajambo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na yeye alicheka kutushinda sote.

Aliyeacha kucheka ni jirani yetu. Alikuwa Mturkana, mwimbaji wa kanisani, aliyehamia mjini baada ya ng'ombe wao kwisha. Yeye na mama walikuwa wamechota maji kwenye mfereji mmoja zaidi ya miaka ishirini. Siku moja alizunguka nyuma ya nyumba na kunisimamia huku nimeshika spana.

"Mimi nimekosea mama yako nini?" akaniuliza. "Nasalimia jana, nasalimia leo, yeye ananyamaza tu. Kama kuna maneno watu wameleta, aniambie mimi mwenyewe."

Nilikwenda moja kwa moja kibarazani, nikamuuliza mama kwa nini hamjibu jirani. Mimi nilimwita mama hooyo, naye aliniita hooyo vilevile, maana ndivyo mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake.

"Ni mashine yako, hooyo," akasema. "Nitasikiaje mtu na dubwana hilo linanguruma mgongoni mwangu?"

Niliona aibu. Mama yangu alikuwa akipoteza watu wake kwa sababu ya feni, na mwenye feni ni mimi niliyejiita fundi. Niliapa kwamba nitaifanya injini ile inyamaze hata kama itanibidi nichukue mwezi mzima.

Kwanza nilijaribu feni ya plastiki kutoka kwenye gari dogo. Ilikuwa nyepesi na ilizunguka kwa mlio mdogo sana, nikajipongeza. Saa tano maji yalichemka, kifuniko cha rejeta kikaruka, na mvuke ukanichoma mkono. Feni ya gari dogo imetengenezwa kupoza injini ya gari dogo, jambo ambalo hata kuku wetu wangeweza kuniambia.

Nikaenda kwa Mmeru mmoja aliyeuza vyuma vikuukuu karibu na soko. Alikuwa na feni nyingi zimerundikwa kama sufuria za arusi. Feni huwezi kuisikia ikiwa imelala chini, kwa hiyo nilizichagua kwa macho. Nilitaka yenye mapanga mengi, kwa sababu mapanga mengi yanaweza kusukuma hewa ile ile yakizunguka polepole. Nilitaka yawe yamejipinda kidogo, yaikate hewa badala ya kuipiga makofi. Mwishowe nikapata ya basi, mapanga sita, na nafasi kati ya panga na panga hazikuwa sawa.

"Hiyo imepindika," mwenye vyuma akasema. "Chukua hii ingine, usije ukasema mimi nimekuibia."

Haikuwa imepindika. Ilitengenezwa hivyo makusudi, mapanga yasipige hewa kwa mdundo mmoja. Nilimweleza jambo hilo kwa urefu, akasikiliza kwa upole wa mtu anayetaka kufunga duka. Alichukua feni yangu ya zamani, akanipa ile ya basi.

Sikuishia hapo. Nilifunga puli ya mkanda kubwa zaidi ili feni izunguke taratibu. Nilikata bati la pipa, nikalikunja duara kuizingira feni, ili hewa yote ivutwe kupitia rejeta isitoroke pembeni. Nilihangaika siku nne na bati lile, nikimkaripia kila aliyekuja kuulizia betri yake. Siku ya tano niliwasha. Maji yalitulia, na injini ikawa inasema kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilisikia kuku wakichakura uani. Nilitamani mtu apite anisifu. Hakupita mtu.

Mama nilimweleza wakati wa chakula. "Mwenyezi Mungu akubariki," akasema, na akasema hivyo baada ya mimi kurudia mara tatu.

Siku ya pili yake nilimaliza betri mapema, nikazima injini saa saba, nikaja kukaa kibarazani kusugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa tupu. Jirani akatokea na kuni zake kichwani.

"Habari ya mchana, mama."

Mama aliendelea kutazama mbele. Jirani akasimama, akarudia kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya njia. Hapo mama akaona kivuli, akageuka.

"Nani? Sema kwa nguvu," akasema. "Mashine ya huyu kijana wangu itaniua kwa kelele."

Mtaa mzima ulikuwa kimya. Jirani alinitazama, mimi nikamtazama. Nilifungua mdomo, sijui nilitaka kusema nini, pengine upuuzi fulani juu ya feni, naye akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akatua kuni, akakaa kitandani kando ya mama, akamwekea mdomo sikioni.

"Ni mimi. Kweli mama, hii mashine ni mbaya sana! Hata mimi sisikii kitu."

"Sikukwambia?" mama akasema kwa furaha, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia, wakisemezana masikioni kama wasichana, na mimi nilisugua kichwa kile kile cha betri muda wote huo.

Jirani alipoondoka, mama alipapasa mpaka akalipata bega langu.

"Hooyo. Ilikuwa imezimwa?"

Niliinama sikioni kwake. "Tangu saa saba."

Hakulia. Alivuta ushungi wake, akaukunja ncha, akaukunjua.

"Ya macho walishajua," akasema. "Hata hivyo wanasimama, kwa sababu najibu. Wakijua na ya masikio watapita tu. Nani anasalimu ukuta? Acha waseme ni mashine, hooyo."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima, nimeegemea rejeta. Nililia kwa huruma, na kwa hasira pia, kwa sababu nilikuwa nimeishi naye chini ya paa moja na nilichoweza kusikia ni sifa zangu tu.

Asubuhi nilirudi kwa mwenye vyuma. Feni yangu ya zamani ilikuwa imeshauzwa, imekwenda Meru.

"Nataka feni ya kelele," nikamwambia.

Alinitazama kuanzia miguuni. "Wewe wiki iliyopita ulinifundisha hapa kama mwalimu. Mapanga sita, sijui nafasi, sijui nini. Leo unataka ya kelele?"

"Mbaya kuliko zote ulizonazo."

Nilichagua kwa uangalifu ule ule. Nilipata moja ya trekta, mapanga manne, mazito, bapa, na ribiti zilizolegea. Niliifunga, nikarudisha puli ndogo ili iende mbio, nikaling'oa bati langu la siku nne. Nilipowasha, kuku walikimbilia barabarani.

Jirani alijua bila kuambiwa. Kwenye mfereji wa maji alianza kuwaeleza wanawake, na wanawake wakawaeleza waume zao: ukitaka kumsalimu yule mama, mshike mkono kwanza umwinamie sikioni, maana mashine ya kijana wake haina adabu. Basi watu waliokuwa wakisalimu huku wanatembea wakaanza kupanda kibarazani. Waislamu walipanda, Wakristo walipanda, hata madereva wenye haraka. Mama aliwajibu wote, akawauliza juu ya homa na ngamia, na miaka mitatu aliyoishi baada ya hapo sikumwona akipitwa.

Madereva walinisema sana. "Fundi gani wewe," walinipigia kelele kuushinda mngurumo, "umeshindwa na feni?" Nami, kwa majisifu yote niliyokuwa nayo, niliwajibu kwamba ni kweli, mambo ya feni yamenishinda. Maneno hayo yaliniuma kila nilipoyasema, na niliyasema karibu kila siku.