Kola ya Titi la Kulia

"Dukani kwangu hakitupwi kitu! Hata uzi ukianguka, nauinamia!"

Mama Kola alitamba hivyo kwenye mahafali ya mafundi cherehani, kipaza sauti mkononi, na ukumbi mzima ukampigia vigelegele. Mdogo wake, aliyekaa safu ya mbele, aliyaweka maneno yale akiba. Alijua ipo siku atayahitaji.

Siku yenyewe ilifika hospitalini. Mama Kola alikuwa ametolewa uvimbe wa saratani kwenye titi la kushoto, akapigwa mionzi, na sasa alikuwa na miaka miwili ya vidonge vya kuzuia saratani isirudi, vilivyomtoa jasho hata akiwa mbele ya feni. Asubuhi ile mashine ya picha ilikuwa imembana matiti kama anavyobana yeye kola chini ya pasi, na hakulalamika. Alichotaka ni kujua kama jasho lote lile lilikuwa la bure.

"Mama, zile picha za kabla ya matibabu umekuja nazo?" aliuliza daktari wa picha, kijana mwenye miwani na subira.

Mama Kola akafungua bahasha kwa maringo. Ndani mlikuwa na filamu moja ya eksirei. "Hili hapa, mwanangu. La kushoto, lililougua."

"Hilo silitaki, mama. Limepasuliwa, limepigwa mionzi, lina makovu. Kovu huonekana jeupe, litanidanganya. Nipe la kulia, ambalo halikuguswa, nilinganishe na la leo. Nione kama weupe umepungua tangu uanze vidonge; ukipungua, ni dalili kwamba vinafanya kazi."

"Weupe una ubaya gani?"

"Titi lenye nyama iliyoshikamana sana huonekana jeupe pichani. Na uvimbe nao ni mweupe."

"Kifungo cheupe kimeangukia shuka jeupe," akasema Mama Kola.

"Ndiyo hivyo. Sasa la kulia liko wapi?"

Mdogo mtu, aliyemsindikiza, akakohoa. "Sema, dada. Mwambie mtoto wa watu."

"Liko kazini."

"Linafanya kazi gani?"

"Kola."

Ukweli ni kwamba filamu ni ngumu, haikunjiki wala hailowi, na kwa patani, yaani kiolezo cha kukatia nguo, hakuna karatasi inayoifikia. Nusu ya wanaume wa mtaa ule walitembea na kola zilizochorwa kwa titi la kulia la fundi wao, mwalimu mkuu akiwemo, na shingo zao zilikaa vizuri sana.

"Na vipande vilivyobaki?" aliuliza daktari, sauti imeshuka.

"Hakitupwi kitu!" mdogo mtu alidakia, akiigiza kipaza sauti kwa ngumi. "Hata uzi!"

Duka lilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Mama Kola alikwenda mbio na kurudi anahema, mkononi ana mfuko wa nailoni. Daktari akavipanga vipande kwenye kibao cha taa cha kutazamia picha: kola, mfuko wa shati, kifuniko cha mfuko, na vijipande viwili vyembamba. Kwenye pembe ya kile kipande cha mfuko, herufi ya kuonyesha titi la kulia ilikuwa bado ipo. Titi likakaa sawa, likiwa na tundu juu, la msumari lililotundikwa dukani.

"Tangu nianze kazi sijasoma titi lenye mfuko," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mama Kola alikuwa ameshika ukingo wa meza. Daktari alitazama la zamani, akatazama la leo, akarudi tena kwa la zamani.

"Lilikuwa jeupe karibu lote. Sasa ni kama nusu, na sioni cha kutisha."

"Kwa hiyo vidonge vinafanya kazi?"

"Ni dalili njema, mama, si cheti cha kupona. Endelea navyo, na mwakani urudi tutazame tena."

Mama Kola akakaa. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akasingizia joto. Kisha akanyoosha mkono kwenye kibao cha taa. "Haya, nirudishie kola yangu."

"Hii inabaki kwenye faili."

"Na picha ya leo?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu."

Njiani walipitia duka la vifaa vya shule. Karatasi ngumu ya kukatia patani, ya kushika nafasi ya titi, ilikuwa shilingi mia mbili tu.