Kitambaa Juu ya Kompyuta

Baba alishatoa hukumu: nisipopata kazi ya kompyuta likizo ile ndefu ya chuo, naacha kompyuta nahamia ualimu. Hakuwa mkali, ila hakuwahi kumwona mtu yeyote pale mtaani kwetu Makadara, Eastlands, anayekula kwa kompyuta. Nami ualimu sikuutaka hata kwa dawa. Basi nikapiga mguu, maabara moja hadi nyingine, nikiuliza kama wanahitaji mtu wa kuandika programu. Wengi walinijibu kwamba taipisti wanaye tayari.

Maabara ya mwisho ilikuwa ya utafiti wa udongo. Mkubwa wake, mzee mpole wa tai nyekundu, akaniketisha mbele ya kompyuta.

"Wenzako wamekuja hapa, programu zao zote zimekufa katikati," akasema. "Hebu tuone yako, binti yangu."

Nikaandika. Programu ikaanza kusoma vipimo vya udongo, ikaenda vizuri, mara skrini ikaganda. Wacha nikwambie, moyo ulinipasuka. Nilishaiona chaki mkononi mwangu.

Nikaiwekea mashine mkono kwa huruma, kumbe ina joto kama pasi. Ndipo nikakiona kitambaa. Cha kufuma, cheupe, maua ya waridi pembeni, kimeifunika gubigubi hadi matundu ya kutolea joto. Lakini nani Eastlands angekishangaa? Kwetu kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, nadhani hata vitambaa vilikuwa na vitambaa. Nilikaa nacho uso kwa uso muda wote huo, wala sikukiona.

"Mzee, naomba tukitoe hiki."

Akajikuna kichwa. "Amekifuma mama watoto. Kila Ijumaa hupita hapa kukitazama."

Nikakitoa hivyo hivyo. Maji nilishayavulia nguo. Tukaipepea mashine kwa mafaili, mimi na yeye, huku tunacheka mpaka machozi. Nilipoiwasha tena, programu ikasoma vipimo vyote na kutoa jibu.

"Anza Jumatatu," akasema, akikikunja kitambaa kwa heshima. "Ila mama akija Ijumaa, wewe ndiye utakayemweleza. Mimi nitakuwa nje nachimba udongo."

Nilifika nyumbani nikihema. Baba alikuwa mlangoni. Nikamwambia nimepata, tena ya kompyuta hasa. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akagonga ukuta wa jirani.

"Toka nje," akamwita. "Njoo umwone mtu wa kompyuta."