Mstari Nilioruka Kwenye Cheti cha Shangazi

Nimewadharau watu wengi maishani, na usharika wetu wa karibu na Matembwe ndio ulionifundisha kazi hiyo. Miaka michache baada ya vita kuu ya pili, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alirudi kutoka hospitali ya mbali alikotibiwa kwa mionzi saratani ya titi. Alikuwa amepona. Ngozi ya kifua upande wa kushoto ilibaki nyeusi na ngumu kama kiazi kilichoungulia kwenye majivu, lakini alilima, alicheka, na aligombana na baba kama zamani. Baba akaamua itolewe sadaka ya shukrani.

Kwetu watu hawakumshukuru Mungu kimyakimya. Shangazi alileta kondoo na kapu la ulezi, vikanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Wanaume ambao hawakuwahi kumpelekea hata uji alipokuwa kitandani walipandishiana bei ili waonekane. Kabla ya mnada, mzee mmoja wa kanisa alitaka cheti cha hospitali kisomwe mbele ya watu, ili wenye imani haba wasikie. Cheti kilikuwa cha Kiingereza. Mimi nilikuwa mwalimu, nimetoka chuoni juzi tu, na suruali yangu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nikaitwa mbele nisome na kutafsiri.

Cheti kilisema ugonjwa umeondoka. Mstari wa mwisho ulisema mgonjwa arudi kuchunguzwa kila mwaka, maisha yake yote, kwa kuwa mahali palipopigwa mionzi panaweza kuota saratani nyingine baada ya miaka mingi. Niliuona mstari huo na niliuelewa. Lakini akina mama walikuwa wameshaanza vigelegele, na mimi nilikuwa napenda kupigiwa vigelegele. Nikakunja cheti, nikaketi. Nilijiambia nitamweleza shangazi jioni. Jioni kukawa na wageni, kesho yake nikarudi shuleni, na aibu ya kuchelewa kusema ikazidi kukua kila mwaka.

Watu wa usharika nao walimgeuza kuwa kitu cha maonyesho. Kila sikukuu ya mavuno aliitwa asimame aseme alivyopona, na kila mara palikuwa na mgeni wa kuonyeshwa. Walimpenda shangazi aliyepona. Shangazi mwenyewe, aliyechelewa kupalilia kwa sababu mkono wa kushoto haukunyooka vizuri, hawakumsaidia hata tuta moja.

Ilipita zaidi ya miaka kumi. Siku moja aliona uvimbe mgumu chini ya ile ngozi nyeusi, akaenda kumwambia mzee yule wa kanisa, mtu aliyekemea ulanzi Jumapili na kunuka ulanzi Jumatatu. Mzee alimjibu kwamba shukrani ikishatolewa hairudishwi, na kwamba kusema anaumwa tena ni kumfanya Mungu mwongo mbele ya usharika mzima. Shangazi akanyamaza karibu mwaka. Mzee huyohuyo ndiye aliyesimama baadaye kwenye msiba wa shangazi, kofia mkononi, akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Namdharau mpaka leo. Hata hivyo yeye hakujua Kiingereza. Mimi nilikijua.

Maumivu yalipomzidi alikuja kwangu. Hospitali ya Njombe aliikataa, maana huko wangemwona watu wa usharika. Nilikuwa nimesikia kuna daktari Mzungu anayepita Makambako siku moja kila mwezi, basi tukapanda lori la mbao, yeye mbele kwa dereva, mimi juu ya mbao, upepo ukinikata masikio. Makambako wakati huo ilikuwa njia panda yenye maduka machache na vumbi. Daktari alikuwa ameweka meza yake katika chumba cha nyuma cha duka moja.

Alimpima muda mrefu. Kisha akasema, nami nikitafsiri, kwamba ugonjwa wa kwanza haukurudi. Huu ni mwingine, umeingia kwenye mbavu, na huenda ulitokana na mionzi ileile iliyomponya. Hakuwalaumu waliomtibu, maana bila mionzi angekufa zamani. Lakini ungeonekana mapema, labda ungekatwa. Sasa hapakuwa na la kukata.

Shangazi alisikiliza akiwa ameshika vifungo vya gauni lake. Alisema angalau hakuwadanganya watu kanisani, alipona kweli. Niliona amefarijika, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia.

Ndipo daktari akauliza kama hakuna aliyemwambia arudi kila mwaka. Ilibidi nitafsiri. Nilitafsiri nikiangalia meza.

Shangazi alinitazama. Alinitazama muda wa kutosha kuelewa.

"Mwambie niliambiwa," akasema. "Mwambie mwanangu alinisomea yote, uzembe ni wangu."

Nikamwambia daktari hivyo hivyo, kwa Kiingereza kizuri. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye cheti kipya kwamba mgonjwa alionywa lakini hakurudi. Alipomaliza akanipa mimi, kwa kuwa ndimi niliyejua kusoma.

Nje, shangazi aliniuliza ameandika nini.

Nikamwambia ameandika dawa ya maumivu.